Kuchagua Toyota GR Yaris: matoleo, opsheni za kiwandani na maboresho

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota imekuwa ikishinda Naivasha mwaka baada ya mwaka, na vijana waliosimama kwenye vumbi lile sasa wanataka kuagiza gari lenye jina lile: GR Yaris. Wengi huanza kwa kuuliza bei na rangi. Maswali yaliyopo hapa ni yale yanayofuata baada ya hayo, na ndiyo yanayoamua kama pesa yako imekwenda mahali pake. Msimamo wetu ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: lipia kiwandani kile ambacho fundi hawezi kukiongeza bila kulifungua gari lote; kinachofungwa kwa spana siku moja kinaweza kusubiri.

## Mambo ya msingi

GR Yaris ni Yaris ya kawaida iliyoongezewa nguvu?

Hapana. Linashiriki jina na taa, lakini bodi ni ya milango mitatu, paa ni la kaboni, na boneti, milango na mlango wa nyuma ni vya aluminiamu. Linaundwa kwenye laini yake maalumu katika kiwanda cha Motomachi, Toyota City. Isipokuwa RS, toleo lenye maelezo yake hapa chini, injini ni G16E-GTS, silinda tatu, cc 1618, yenye tabo (turbo). Magari ya kwanza yaliyouzwa Japani kuanzia Septemba 2020 yalitoa nguvu za farasi 272 na toki ya Nm 370. Lililoboreshwa, lililoanza kuuzwa Machi 2024, linatoa 304 na Nm 400.

Magurudumu yote manne yanavuta, tena isipokuwa RS. Kwa magari ya 2020 hadi 2023 kuna kitufe cha kuchagua mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma: 60 kwa 40 katika hali ya kawaida, 30 kwa 70 katika Sport, na 50 kwa 50 katika Track.

Ndilo gari lile lile linaloshinda Safari Rally?

Si lile lile. Gari la Rally1, daraja la juu la mashindano hayo, ambalo madereva Kalle Rovanperä na Elfyn Evans wameliendesha, limejengwa juu ya fremu ya mabomba, na limebaki na sura tu ya gari la dukani. Linalokaribiana zaidi na gari lako ni GR Yaris Rally2, la daraja la chini ya hilo, lililoingia mashindanoni Januari 2024. Uhusiano upo na ni wa kweli, kwa sababu Toyota walibuni bodi hii wakiufikiria mchezo wa rali. Hata hivyo usinunue ukitegemea litaruka mashimo ya Kedong, hatua mojawapo ya Safari Rally. Nafasi kati ya tumbo la gari na barabara ni takriban sentimita 13.

Neno "opsheni" lina maana gani hapa? Kuna tofauti na toleo?

Ipo, na kuichanganya kumegharimu watu. Toleo ni kifurushi kizima ambacho Toyota walikipa jina: RS, RC, RZ, au RZ High Performance. Opsheni ni kitu kimoja ambacho mnunuzi wa kwanza alikiongeza juu ya toleo lake wakati wa kuagiza, kama rangi ya lulu au kifurushi cha kupoza. Aina ya tatu ni vifaa vinavyofungwa na muuzaji baada ya gari kutoka kiwandani, kama mazulia na kamera ya dashibodi. Unaponunua la mtumba, toleo linasomeka kwenye makaratasi, lakini opsheni mara nyingi utazikuta kwa kuangalia picha tu.

## Matoleo

RS, RC, RZ na High Performance vinatofautianaje?

Bei za Japani za mwaka 2020 zinatoa picha ya haraka: RS yeni 2,650,000, RC 3,300,000, RZ 3,960,000, RZ High Performance 4,560,000.

RS lina injini nyingine kabisa, na limepewa swali lake hapa chini. RC ni gari la watu wa mashindano: lina injini kubwa na fowili, lakini limevuliwa karibu kila kitu cha starehe, kwa kuwa mwenye timu atafunga viti, difu na rimu anazozitaka mwenyewe. Hata kiyoyozi kilikuwa opsheni. RZ ndilo gari kamili la barabarani.

RZ High Performance linaongeza difu za Torsen mbele na nyuma, rimu za BBS za kufuliwa, tairi za Michelin Pilot Sport 4S, na mfumo wa kunyunyizia maji intakula ili hewa inayoingia injini ipoe.

Kwa nini RS ni bei rahisi hivyo ilhali picha ni zile zile?

Kwa sababu ni bodi ile ile tu. Ndani yake kuna injini ya cc 1490 isiyo na tabo, nguvu za farasi 120, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), na linavuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Ni gari zuri la mjini lenye sura ya kupendeza, na mtu anayelijua hivyo hatajuta. Anayejuta ni aliyeliona kwenye tangazo limeandikwa "GR Yaris 2021, bei ya kutupa" akalipa kabla ya kuuliza.

Kinga ni rahisi sana: angalia namba ya chesisi. Ikianza na GXPA16, ni injini ya tabo. Ikianza na MXPA12, ni RS. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya namba ya chesisi, achana naye. Na kwa mtu wa Nairobi, Nakuru au Eldoret kuna jambo la ziada. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, hivyo RS hupungukiwa zaidi pale Eldoret, mita 2,100 hivi, kuliko pale Tanga. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Je, High Performance lina thamani ya tofauti ya bei?

Tofauti ilikuwa yeni 600,000 gari likiwa jipya. Rimu na tairi unaweza kuzinunua baadaye, kwa hiyo zisikushawishi. Kinachobeba uamuzi ni difu.

Difu ya kawaida ikikuta gurudumu moja limekosa mshiko, hupeleka nguvu huko huko kwenye kuteleza. Torsen hupeleka nguvu zaidi kwa gurudumu lililoshika. Kwenye kona ya lami yenye mchanga, kama zile za kupanda Lushoto au kuteremka Mai Mahiu, utaisikia tofauti mikononi: RZ la kawaida husukuma pua nje na kompyuta hukatakata nguvu, High Performance hujivuta ndani ya kona.

Sasa fikiria kuiongeza baadaye. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi. Kuifunga maana yake ni kushusha giaboksi, kuifungua, kupima nafasi za meno kwa usahihi, na kuirudisha. Mafundi wanaoweza kazi hiyo kwa uhakika katika mji wako pengine unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo, kama unapenda kuendesha, High Performance. Kama safari zako ni Masaki hadi Posta na kurudi, RZ litakutosha na litabaki gari la kasi sana.

RC je? Nimeliona bei nzuri na lina injini kubwa.

Uliza kwanza kuhusu kiyoyozi, kisha uliza tena. RC bila kiyoyozi Dar es Salaam mwezi wa Februari halifai kwa matumizi ya kila siku, na Muscat ndiyo usifikirie kabisa. Kufunga kiyoyozi baadaye kunahitaji kompresa, mabomba, kondensa, waya na kubomoa dashibodi. Huo ni mfano halisi wa kitu cha kulipiwa kiwandani. Kama unajenga gari la mashindano, RC ndilo sahihi, kwa sababu hulipii vitu utakavyovitupa.

## Gari la 2020 hadi 2023 au la 2024 na kuendelea?

Nini hasa kilibadilika mwaka 2024?

Nguvu zimetajwa juu, lakini kwangu mimi mabadiliko makubwa yako kwenye kiti cha dereva. Magari ya mwanzo yalilalamikiwa kwamba dereva anakaa juu mno na kioo cha katikati kinaziba macho kwenye kona ya kushoto. Toyota walishusha kiti kwa milimita 25, wakapunguza kimo cha dashibodi kwa milimita 50, wakaielekeza kwa dereva kwa nyuzi 15, na kukihamishia kioo juu. Kama una urefu wa kuzidi sentimita 180, kaa kwenye yote mawili kabla ya kuamua, ukipata nafasi. Hakuna opsheni wala fundi atakayelifanya la zamani liwe kama jipya katika hilo.

La pili ni giaboksi ya otomatiki ya gia nane, GR-DAT. La tatu ni kwamba RS halipo tena kwenye orodha.

Manyo au otomatiki?

Hili nalo haligeuziki baadaye, kwa hiyo lipe muda. Kwa magari ya tabo ya kabla ya 2024 huna la kuchagua: yote ni manyo ya gia sita. GR-DAT imetengenezwa kwa mchezo, hubadilisha gia upesi, na inaongeza uzito wa kilo 20 hivi. Foleni ya Mombasa Road au Ubungo kila asubuhi ni hoja nzito kwa otomatiki, na hakuna aibu ndani yake. Wenye mapenzi ya klachi wabaki na manyo. Kitufe cha iMT kitakusaidia kuoanisha mizunguko ya injini unaposhusha gia, na kinaweza kuzimwa.

Kwa upande wa matunzo, mafundi wetu wanaijua manyo zaidi. GR-DAT inahitaji oili yake sahihi na kompyuta ya kupima, kwa hiyo hakikisha kuna gereji inayoweza kuihudumia kabla ya kulipa.

Kifurushi cha kupoza kinafaa kwa joto letu?

Kwa gari la 2024 na kuendelea, kifurushi hiki huleta rejeta ya ziada, mnyunyizo wa maji kwenye intakula, na mkondo maalumu wa hewa. Kwa kuendesha kawaida, hata Mombasa, mfumo wa kiwandani unatosha. Joto huwa tatizo unapokanyaga mfululizo kwa dakika nyingi, kama kwenye mzunguko wa mbio au kupanda mlima kwa kasi.

Ukiwa mtu wa kwenda kwenye viwanja vya mbio, kichukue. Mkazi wa Ghuba anayeendesha kwa nguvu akichukue vilevile. Wengine pesa hiyo iende kwenye tairi.

Na vifaa vya upepo vya 2025?

Kifurushi hicho kina boneti yenye tundu la kutolea joto, mdomo wa mbele, tundu kwenye bampa la nyuma na madigadi ya mbele, kifuniko chini ya tangi la mafuta, na bawa la nyuma linalorekebishika. Kazi yake inaonekana kwenye kasi kubwa. Mdomo wa mbele na matuta ya mitaani kwetu havitapatana. Kwa matumizi ya barabarani ningekiacha kifurushi hiki.

## Kununua la mtumba

Nitajuaje opsheni zilizomo kabla gari halijapanda meli?

Omba vitu vitatu: karatasi ya mnada, picha ya namba ya chesisi, na picha nyingi za karibu. Kwenye karatasi ya mnada, toleo huandikwa kwa Kijapani, kwa hiyo tafuta mtu akusomee. Alama ya R maana yake gari limewahi kugongwa na kurekebishwa.

Kwenye picha, usitegemee rimu za BBS kama ushahidi wa High Performance, kwa sababu rimu hubadilishwa. Vivyo hivyo, mfumo wa breki za tahadhari haukuwa kwenye kila gari. Tafuta kamera na kifuniko chake nyuma ya kioo cha mbele, sehemu ya juu. Pasipo kifuniko hicho, mfumo haupo.

Kuna hatari gani kwenye gari lililobadilishwa na mmiliki wa kwanza?

Gari hili hupendwa na watu wanaolipeleka kwenye viwanja vya mbio, na baadhi yao hulirudisha kwenye hali ya kawaida kabla ya kuliuza. Angalia alama za spana kwenye bolti za shokapu na mabomba ya tabo, rangi ya joto kwenye diski za breki, na mikwaruzo ya chini. Mimi ningelipa zaidi kwa gari ambalo halijaguswa kuliko lenye vifaa vya gharama ambavyo sijui nani alivifunga.

La Uingereza linafaa? Nalo lina usukani wa kulia.

Linafaa, na lina faida zake: maandishi ya Kiingereza na redio inayoshika FM zetu zote. Majina tu ndiyo tofauti. Huko mwaka 2020 liliuzwa kuanzia pauni 29,995, kukawa na Convenience Pack iliyoleta vitu vya starehe kama ramani na vitambuzi vya kuegesha, na Circuit Pack iliyoleta difu za Torsen, rimu za kufuliwa na Michelin. Kwa kifupi, Circuit Pack ndiyo High Performance ya Uingereza.

Spidomita yake husoma maili. Pia, barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo omba picha za chini ya gari. Magari ya kaskazini mwa Japani yana tatizo hilo hilo.

Opsheni nyingi zitaniongezea ushuru?

Kenya, KRA huanzia kwenye orodha yake ya bei za magari mapya, CRSP, kisha hupunguza kwa umri wa gari. Tanzania, TRA wana mfumo wao wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika. Kote kuwili, kinachoanza kuhesabiwa ni modeli, mwaka na injini. Redio nzuri au rimu hazina uzito mkubwa hapo. Ukubwa wa injini ndio wenye uzito: cc 1618 iko juu ya kiwango cha cc 1500 ambacho Kenya hutumia kwa ushuru wa bidhaa, wakati RS liko chini yake. Viwango hubadilika na bajeti za Juni, kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha mamlaka siku ile ile unayotaka kulipa.

Umri wa gari unahesabika vipi?

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, hivyo GR Yaris la 2020 linaingia hadi mwisho wa 2027. Tanzania haina marufuku kama hiyo, ila huongeza ushuru wa uchakavu gari likifikisha miaka 8, na tena likifikisha 10.

## Baada ya gari kufika

Nianze kuboresha nini?

Tairi. Kisha oili mpya ya 0W-20 yenye ubora, mafuta mapya ya breki, na pedi za breki. Breki za mbele za RZ zina diski za milimita 356 na kalipa za pistoni nne; hazihitaji kubadilishwa, zinahitaji kutunzwa.

Gari halina tairi la akiba, lina dawa ya kuziba pancha tu, ambayo haina msaada tairi likipasuka ubavu. Kwa safari ndefu beba tairi la akiba hata kama litakula buti lote.

Nifunge rimu ndogo kwa ajili ya mashimo?

Tairi za kiwandani za RZ ni 225/40 R18, zenye ubavu mwembamba. Kushuka hadi inchi 17 kunaongeza mpira na faraja, na RC lilitoka kiwandani na 17. Ila breki kubwa za RZ hazikubali kila rimu ya 17. Pima nafasi ya kalipa kabla ya kununua.

Kuprogramu upya kompyuta ya injini?

Subiri. Injini hii ya lita 1.6 tayari imekamuliwa na kiwanda, na usalama wake unategemea ubora wa petroli. Japani linanyweshwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao ni oktini 96 au zaidi. Ulaya kibandiko kinasema 95. Oman na Emirates utapata 95 na 98 bila shida. Afrika Mashariki, jaza ile ya juu kabisa inayouzwa kwenye kituo unachokiamini, na usiongeze presha ya tabo juu ya petroli usiyo na uhakika nayo.

Ukibadilisha chochote kinachogusa nguvu, breki au kimo cha gari, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi.

Gari la Japani linagoma kupita kilomita 180 kwa saa. Ni ubovu?

Siyo. Ni kizuizi cha magari ya Japani. Hakuna barabara ya umma kwetu ambapo utakihitaji kiondoke.

Redio haishiki stesheni zote, na skrini ni ya Kijapani.

FM ya Japani huanzia 76 na haifiki 108, kwa hiyo stesheni za juu zitakosekana. Kifaa kidogo cha kubadili masafa husaidia, au unganisha simu. Hiki ni kitu cha spana cha siku moja, kisikukoseshe gari zuri.

## Hali za pekee

Niko Kigali au Bukavu. Haya yote yananihusu?

Ya matoleo na matunzo, ndiyo. Ya Japani na Uingereza, hapana. Huko mnaendesha upande wa kulia wa barabara, na Rwanda hairuhusu kuingiza gari dogo la usukani wa kulia. Tafuta gari la bara la Ulaya lenye usukani wa kushoto, na kwenye tangazo tafuta difu za Torsen kwa jina, kwa sababu vifurushi viliitwa tofauti kutoka nchi hadi nchi.

Nimeona toleo la Ogier, la Rovanperä, na GRMN. Nikimbilie?

GRMN la 2022 lilikuwa magari 500 kwa bahati nasibu, viti viwili, gia zilizokaribiana zaidi. Matoleo ya Ogier na Rovanperä ya 2024 yalikuwa 100 kila moja kwa Japani, na yana mipangilio yake ya mgawanyo wa nguvu. La Rovanperä lina hadi hali ya kuzungusha gari mduara. Ni magari ya mkusanyaji. Mtu anayetaka kuendesha kila wiki na kupata spea bila kuhangaika atafaidi zaidi High Performance la kawaida, na pesa itakayobaki itamnunulia seti kadhaa za tairi.

Nina familia ya watu wanne.

Viti ni vinne, lakini vya nyuma ni vya watoto wadogo au safari fupi, na buti linajaa kwa mifuko miwili ya soko. Kama gari ni moja tu nyumbani, angalia GR Corolla. Lina injini hiyo hiyo, milango mitano, na yale tuliyosema kuhusu difu na giaboksi yanakuhusu vilevile.